Mimba ya kwanza, kilo 86 na siri ya dada

Shangazi, shikamoo.

Naomba usitaje jina langu wala mtaa ninaokaa, maana mawifi zangu wanasoma safu hii kuliko mimi. Nina miaka 31, naishi Dar es Salaam, nauza vitenge na madera kwa oda za simu. Mimi na mume wangu tuna mwaka wa sita kwenye ndoa, na muda wote huo kila mtu alikuwa anatazama tumbo langu. Mwaka huu Mungu amejibu. Nina mimba ya wiki 17.

Mimi ni mnene, Shangazi, si wa kusingiziwa. Siku naandikishwa kliniki nilikuwa na kilo 86, urefu sentimita 158. Nyumbani hilo halijawahi kuwa kosa. Mume wangu anasema alinipendea umbo, na mama mkwe hupenda kusema mwanawe anajua kutunza mke, watu waone. Lakini siku ile kliniki nesi aliponipima presha alinitazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti benchi zima likasikia: "Wewe bonge, mafuta haya ndiyo yanaleta presha. Usipopungua yatakutoa roho, wewe na mtoto." Kipimo kilisoma 146 kwa 92. Daktari akasema nikapumzike nje, nikapimwa tena na mtu mwingine kwa mashine nyingine, ikaja 128 kwa 82. Mpaka leo sijui kama presha ninayo au sina.

Daktari aliniandikia aspirini ndogo, kidonge kimoja kila usiku, na vidonge vya kalsiamu, pamoja na vile vya kuongeza damu. Vya damu nameza. Aspirini sijaigusa, kalsiamu nayo nimeiacha hapohapo kwenye mfuko. Mama mkwe, ambaye amekuja kukaa nasi tangu mimba ijulikane, alipoiona ile pakiti alishika kichwa. Anasema aspirini inayeyusha damu na inatoa mimba, na kwamba kwa mimba iliyosubiriwa miaka yote hii hataki kusikia mchezo. Akaniambia kama ni presha, yeye anameza vidonge vya presha miaka mingi na yuko mzima, atanigawia. Amenipa karatasi nzima. Sijavinywa, lakini viko kabatini kwangu.

Sasa nikueleze ambayo sijamwambia mtu. Tangu siku ile ya kliniki nakula mlo mmoja. Asubuhi chai ya rangi, mchana nadanganya kwamba nimekula kwa mteja, usiku nakula kidogo mbele ya watu wasinishtukie. Nimepungua kilo tatu. Nikiwa kwenye mizani nafurahi, nikisimama jikoni nashikwa na kizunguzungu.

Jingine ni la dada yangu, mkubwa wangu, tumbo moja. Alifariki mwaka 2014 kwenye uzazi wake wa kwanza. Alilalamika kichwa siku mbili, tukampa panadol, usiku akakakamaa na kurusha mikono na miguu. Alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Walisema ni kifafa cha mimba. Na dada yangu alikuwa mwembamba, Shangazi, kila nguo ilimpwaya. Nyumbani tukakubaliana tuseme alitokwa na damu nyingi, kwa sababu watu walishaanza kunong'ona kwamba ukoo wetu una kifafa. Mume wangu hajui. Kliniki waliponiuliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kupata presha ya mimba nilijibu hakuna, kwa sababu mama mkwe alikuwa amekaa ubavuni kwangu.

Mpango uliopo ni kwamba mimba ikifika mwezi wa saba niende kijijini kwa mama mkwe, mkoani Tanga, nijifungulie huko na nilelewe arobaini yangu. Mama yangu mzazi hayupo, kwa hiyo naona ni heshima kubwa ananipa. Zahanati ipo, ila hospitali ya wilaya ni mwendo wa saa mbili, na mvua zikinyesha ni zaidi. Nikimgusia mume wangu habari ya kubaki Dar anasema nitamvunja moyo mama yake.

Je, ni kweli haya mafuta yangu ndiyo yataniletea presha? Kama dada mwembamba hakupona, mimi bonge nitaponea wapi? Niende Tanga au nikatae? Na hii siri niitoe au niibebe mpaka nijifungue?

Mama Kijacho, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya dada yako kwanza, maana kwa namna ulivyoandika naona hamkupata hata nafasi ya kumlilia kwa kifo alichokufa. Mlimlilia kwa kifo cha kusingizia. Hilo nalo ni mzigo, na utakuja kuutua siku moja. Lakini kuna jambo haliwezi kusubiri, nianze nalo.

Nenda kabatini ukatoe vile vidonge vya mama mkwe. Simaanishi kwamba ana nia mbaya, amekupa alichonacho. Ila dawa za presha haziko sawa. Baadhi ya zinazotumiwa sana na watu wazima, kama losartani, enalaprili na kaptoprili, hazitakiwi kwa mjamzito kwa sababu zinaweza kuharibu figo za mtoto aliye tumboni. Mjamzito mwenye presha ana dawa zake, kama methildopa, nifedipini au labetaloli, na huandikiwa na daktari baada ya kuthibitisha kwamba presha ipo. Mrudishie mama, mwambie kwa upole kwamba kliniki wamekataza kuchanganya.

Sasa turudi kwenye barua. Umeniandikia kuhusu mafuta ya mwili, na kila swali lako linaanzia hapo. Nikiisoma mara ya pili naona mwanamke aliyeaibishwa mbele ya watu, akaamua kwamba mwili wake ndio mshitakiwa, kisha akaanza kuuadhibu kwa njaa. Huku nyuma kuna mambo matatu ambayo wahudumu wako hawayajui: aspirini haijamezwa, mlo ni mmoja, na dada alikufa kwa kifafa cha mimba. Ningekuwa mkunga wako, hayo matatu yangeninyima usingizi kuliko zile kilo 86. Hebu tuyapitie, uone mwenyewe.

Tuanze na zile namba mbili zilizokuchanganya. Presha ya mimba huhesabiwa kuanzia 140 kwa 90, na haitangazwi kwa kipimo kimoja cha mtu aliyetoka kufokewa. Hupimwa tena baada ya saa kadhaa, au siku nyingine, mama akiwa amekaa kwa utulivu kama dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, na haongei. Kuna jambo jingine ambalo wanene wengi hawaambiwi: mkanda wa kipimo una saizi. Mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene husoma presha kubwa kuliko iliyopo. Wewe ni mtu wa vitambaa, futi ya fundi haikosekani nyumbani. Jipime unene wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Ukizidi kama sentimita 33, kila ukienda kliniki omba mkanda mkubwa. Ukiambiwa haupo, omba waandike kwenye kadi kwamba umepimwa kwa mkanda wa kawaida. Si ukorofi huo.

Lakini usije ukaitupa ile 146 kwa kuwa 128 inapendeza zaidi. Zote mbili zibaki kwenye kadi. Tena ujue kwamba kwa kawaida presha hushuka kidogo katikati ya mimba, halafu hupanda tena kuelekea mwisho. Kipimo kizuri cha wiki ya 18 kisikufanye uruke cha wiki ya 30. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonane na wahudumu mara nane, na nyingi kati ya hizo ziko miezi ya mwisho, kwa sababu ndipo ugonjwa huu unapopenda kujitokeza.

Je, mafuta yanaleta presha? Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: yanaongeza hatari. Ukigawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata kama 34, na kuanzia 30 wataalamu huhesabu kwamba ni unene uliokithiri. Duniani, kati ya wajawazito 100, wawili hadi wanane hupata ile hali ya presha pamoja na protini kwenye mkojo, au figo, ini na damu kuguswa, ambayo ndiyo inayotangulia kifafa cha mimba. Kwa wanawake wenye uzito kama wako hatari hiyo huwa mara mbili hadi tatu ya wenye uzito wa kawaida. Ni nyingi, sibishi. Sasa isome hesabu hiyohiyo kwa upande wa pili: wengi wa wanawake wanene hubeba mimba zao na kujifungua bila kuipata. Nesi alikusomea upande mmoja tu, tena kwa kelele.

Na mafuta si kitu kimoja. Yale ya makalio na mapaja, aliyoyapenda baba kijacho, hayana madhara makubwa kama yale yaliyojificha ndani ya tumbo, yakizunguka ini na utumbo. Hayo ya ndani hayakai kimya kama akiba ya debe stoo. Yanatoa kemikali zinazoufanya mwili uwe kama unapambana na maradhi muda wote, yanaifanya insulini ishindwe kazi yake vizuri, na ngozi laini iliyoko ndani ya mishipa ya damu inachokozeka. Mishipa iliyochokozeka hukaza, na ikikaza presha hupanda. Mizani ya kliniki haiwezi kusema mafuta yako yako wapi. Inahesabu kilo tu.

Ila chanzo cha kifafa cha mimba hakiko kwenye mafuta, kiko kwenye kondo la nyuma. Miezi ya mwanzo, mishipa ya mji wa mimba inapaswa kupanuka ili damu ya kutosha imfikie mtoto. Kwa baadhi ya wanawake haipanuki sawasawa. Kondo likikosa damu ya kutosha hutoa vitu vinavyoingia kwenye damu ya mama na kuharibu mishipa yake, kuanzia figo hadi ubongo. Unene unamkuta mama na mishipa ambayo tayari imechokozeka, ndiyo maana unaongeza hatari. Lakini mwembamba naye anaweza kupata, na dada yako alipata. Mimba ya kwanza peke yake ni sababu. Kuwa na mama au dada aliyeipata ni sababu. Kisukari, presha ya zamani, ugonjwa wa figo na mapacha, vyote ni sababu. Hakuna aliyemwambia dada yako kwamba wembamba wake ndio uliomuua. Basi na wewe usikubali kuambiwa kwamba hili lote ni tumbo lako na sahani yako.

Hapo ndipo ninapouliza swali juu ya huo mlo mmoja. Unaamini unajikinga. Lakini kujinyima ujauzito ukiwa umeshaingia si tiba ya presha, na hakuna mkunga anayejua kazi yake atakayekutuma upungue kwa njaa. Mwongozo unaotumiwa sana, uliotolewa Marekani mwaka 2009, unasema mwanamke mwenye uzito kama wako aongezeke kilo 5 hadi 9 kwa mimba nzima, wakati mwenye uzito wa kawaida huruhusiwa kama 11 na nusu hadi 16. Kwa hiyo lengo lako ni kuongezeka taratibu. Kizunguzungu kile ni mwili unaokudai, na mtoto naye anadai. Mwambie mkunga kuhusu zile kilo tatu. Atataka kujua kama ni njaa, kutapika au jambo jingine, na huenda akapima damu na sukari.

Kula kwako kunaweza kubadilika bila mama mkwe kuitisha kikao. Ugali au wali upungue sahanini, maharage, mboga na samaki viongezeke. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nzuri, na maziwa au mtindi pia. Soda, juisi za sukari, chipsi mayai na maandazi ya asubuhi ndivyo vya kuachia taratibu. Chumvi isizidi, lakini usile vyakula chapwa ukidhani unazuia kifafa cha mimba. Kukata chumvi peke yake hakukuonekana kuzuia. Kama hujakatazwa, tembea nusu saa jua likipungua. Na ile hadithi ya kula kwa ajili ya watu wawili, mwache mama aiseme, wewe ule kwa ajili ya mmoja na kidogo.

Aspirini ndiyo sehemu ya barua yako inayokimbizana na muda. Mama mkwe hajaitunga hofu yake hewani: aspirini nyingi, ile ya kutuliza maumivu, haishauriwi kwa wajawazito, hasa miezi ya mwisho. Aliyoandika daktari ni dozi ndogo, na ndogo hiyo haijaonekana kutoa mimba. Hutolewa kwa wenye hatari kubwa ya kupata kifafa cha mimba, na hufaa zaidi ikianzwa kati ya wiki ya 12 na ya 16, au angalau kabla ya 20. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Ulaya kwa wajawazito zaidi ya 1,700 waliopimwa na kuonekana wako hatarini. Waliomeza miligramu 150 kila usiku walipata ule ugonjwa wa mapema, unaolazimisha mtoto atoke kabla ya wiki ya 37, pungufu kwa zaidi ya nusu. Haikuufuta, iliupunguza. Nayo ina masharti yake: mwenye vidonda vya tumbo, pumu inayochokozwa na aspirini, mzio au tatizo la kutokwa damu aseme mapema, na daktari ndiye anayepanga lini iachwe.

Wewe uko wiki ya 17. Sikuambii umeze leo kwa neno la Shangazi wa safu. Nakuambia usingoje tarehe ya kadi. Rudi wiki hii, mwambie daktari hukuianza na kwa nini, na mpe habari ya dada, kwa sababu inaweza kubadili uzito wa uamuzi wake. Ukiona inafaa, nenda na mama mkwe hadi mlangoni, kisha umwombe daktari amweleze yeye mwenyewe. Wazee wetu wengi wanasikia zaidi likitoka kwa koti jeupe kuliko kwa mkaza mwana.

Kalsiamu hiyo uliyoiacha mfukoni, ujue ina historia na mji wako. Wajawazito kama 11,000 wa mimba ya kwanza hapo Dar es Salaam, na idadi kama hiyo Bangalore, India, walishiriki utafiti uliotolewa mwaka 2024, kulinganisha dozi ndogo ya miligramu 500 kwa siku na ile kubwa ya 1,500. Kwenye kuzuia ile hali inayotangulia kifafa cha mimba, ndogo haikuwa nyuma ya kubwa. Ni nafuu kwa mfuko na kwa koo. Usiimeze pamoja na vidonge vya damu. Pishanisha saa kadhaa, maana kimoja humzuia mwenzake kufyonzwa.

Sasa siri. Umeniuliza uitoe au uibebe, kana kwamba ni mlango mmoja. Mimi naona mitatu, na si lazima uifungue yote siku moja.

Mlango wa kliniki ndio mwepesi. Una haki ya kuonana na mhudumu peke yako. Mwambie mapokezi unataka faragha, au muulize nesi swali ukiwa chumba cha kupimia ambako mama haingii. Sema tu: "Dada yangu wa tumbo moja alifariki kwa kifafa cha mimba, lakini naomba isisemwe mbele ya watu niliokuja nao." Hatari yake ni mhudumu mwenye mdomo, na wapo, wewe umeshamwona mmoja. Faida yake ni kwamba watakufuatilia kwa karibu zaidi kuliko mnene mwingine yeyote. (Na manesi mnaonisoma: mwanamke aliyetukanwa kwenye mizani hurudi nyumbani akajinyima kula na kuficha mambo. Barua ndiyo hii.)

Mlango wa mume ni mzito. Unaogopa atasema ulimficha. Huenda akasema. Lakini jiulize, unamwogopa yeye, au unaogopa maneno ya watu wa miaka ile ambao yeye hata hawajui? Kifafa cha mimba si kifafa kile kinachoishi na mtu maisha yote, na wala si cha ukoo kulaaniwa. Ni ugonjwa wa mimba, ingawa hujirudia zaidi kwenye baadhi ya familia. Akilijua hilo, akajua na dada alianza na kichwa cha siku mbili, basi usiku ukimwambia kichwa kinauma hatakutafutia panadol na kugeukia ukutani. Usipomwambia, yule anayelala kando yako atakuwa mtu wa mwisho kuelewa kinachotokea. Hiyo nayo ni hatari, uiweke kwenye mizani pamoja na nyingine. Mlango wa tatu, wa mama mkwe, unaweza kubaki umefungwa kwa sasa. Kwa nini yeye awe wa kwanza?

Habari ya Tanga, sioni kama ugomvi wa heshima na afya, ingawa mume wako ameuweka hivyo. Mama anataka kukulea. Hajasema anataka uwe mbali na hospitali. Hilo limekuja tu na ramani. Zahanati inaweza kukupima presha na mkojo, na ikiwa imejiandaa inaweza kukuchoma dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, sindano inayozuia degedege la kifafa cha mimba, kabla ya kukupa rufaa. Haina chumba cha upasuaji, wala damu ya kuongezewa. Na dawa hasa ya ugonjwa huu, ukishakomaa, ni mtoto na kondo vitoke, wakati mwingine kwa haraka. Saa mbili za barabara, masika yakiwa yamekolea, ni nyingi kwa mama anayehitaji hayo.

Mnaweza kukubaliana mama abaki Dar, alee arobaini hapohapo. Ataacha shamba na watu wake, na nyumba yenu itakuwa finyu, lakini heshima ya kulea inabaki yake. Mnaweza kujifungulia Dar kisha msafiri. Hapo angalia kitu: presha na kifafa cha mimba vinaweza kuja hata baada ya kujifungua, zaidi wiki ya kwanza, na huendelea kuangaliwa mpaka wiki ya sita, kwa hiyo safari ya siku ya tatu si salama kama inavyoonekana. Au mnaweza kwenda Tanga kama mama anavyotaka, ila wiki za mwisho ukae kwa ndugu aliye karibu na hospitali ya wilaya, au kwenye nyumba ya kungojea uzazi kama hospitali inayo, na kadi yako iwe imeshafunguliwa huko mapema. Hilo linataka pesa na ndugu mvumilivu. Na unaweza kuamua kuamua baadaye: tazameni presha na mkojo hadi wiki ya 28, kisha mpange mkiwa na daktari. Mume wako akiwa kwenye kikao hicho, haitakuwa wewe unayekataa.

Popote utakapokuwa, dalili zilizomfika dada uzijue na wa nyumbani wazijue: kichwa kisichotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia au kwenye chembe, uso na mikono kuvimba ghafla, kupumua kwa shida, mtoto kupunguza kucheza. Huna haja ya kungoja zote. Moja inatosha kuondoka usiku huo. Presha ikifika 160 kwa namba ya juu, au 110 kwa namba ya chini, ni dharura hata kama hujisikii chochote. Tanzania kuna namba ya bure, 115, ya mfumo wa m-mama unaotafuta usafiri wa wajawazito na vichanga wa dharura; iandikeni ukutani jikoni, Dar na kijijini.

Kuhusu kupungua, wakati wake upo. Mtoto akishatoka, ukinyonyesha na kutulia, kilo utakazopunguza taratibu zitakufaa kwa mimba inayofuata na kwa moyo wako mwenyewe miaka ya mbele. Tutazungumza ukifika huko.

Kwa wiki hii nenda kliniki na kadi, na futi ya fundi ukitaka. Na baba kijacho akitaka kuuliza lolote kuhusu Tanga au kuhusu presha, mwache aandike mwenyewe, namjibu bila kutaja kwamba mkewe alitangulia.

Shangazi